Makofi Kwenye Maktaba ya Rais

Merle Tiedeman hakutaka mkewe aende kwenye mhadhara ule. Tangu asubuhi alikuwa akitafuta sababu. Mara barabara imeganda barafu, mara matairi ya gari la Joleen yamekwisha, mara hao watu wa Maktaba ya Rais, lile jumba la kumbukumbu za Rais aliyezaliwa mjini kwao, hawana jipya la kusema, kila mwezi ni Rais yule yule, vita ile ile, na kahawa ile ile ya majimaji.

"Wewe si hujawahi kwenda hata siku moja?" Ardith akamuuliza huku akifunga vifungo vya koti mbele ya kioo. "Kahawa ya majimaji umeijuaje?"

"Nimesikia."

"Basi baki na ulichosikia. Supu iko jikoni. Uipashe, usiinywe baridi kama mfungwa."

Merle akajiweka sawa kitini. Alikuwa amekalia gazeti la mji, lile lenye tangazo la mhadhara. Alikuwa amelisoma tangazo hilo, akalikunja, akalifungua tena, kisha akaliweka chini ya makalio kana kwamba ni yai analoliatamia. Mada ilikuwa "Siku Treni ya Rais Ilipofika Nyumbani."

Joleen, binti yao, alipiga honi nje. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo aliyeachika na kurudi kuishi mtaa wa pili na wazazi wake, na mihadhara ile ya Jumatano ndiyo ilikuwa matembezi yake na mama yake. Walikuwa wameshasikiliza habari za nguo za mke wa Rais, za mbwa wa Rais, za barua alizoandikiwa na watoto. Hawakuwa wasomi. Walipenda ukumbi wenye joto, na baada ya mhadhara kulikuwa na pai za matunda.

Ukumbi ulijaa siku hiyo. Wakulima walikuja na kofia zao safi, walimu wastaafu wakashika viti vya mbele kama kawaida yao, na Kendra, msichana wa Maktaba anayesimamia shughuli za umma, akawa anakimbia huku na huku akiongeza viti. Mhadhiri alikuwa kijana wa idara ya kumbukumbu, Daktari Prentiss, mwenye miwani na shati lililomzidi shingo. Alisema ana zawadi kwa mji wetu. Katika stoo ya lile duka la dawa la zamani, lililobomolewa mwaka jana, imepatikana filamu. Mwenye duka aliipiga kwa kamera yake mwenyewe siku Rais aliposimamisha treni hapa kuwasalimia watu wa kwao. Haijawahi kuonyeshwa hadharani.

Taa zikazimwa. Filamu haikuwa na sauti. Ikatokea treni na moshi wake, ikatokea bendi ya wavulana wa shule wakipiga ngoma zisizosikika, wakatokea akina mama wenye kofia za maua. Rais akatoka kwenye behewa la nyuma akapunga mkono. Watu ukumbini wakaanza kunong'onezana: yule si babu yake nani, ile si benki ya zamani. Kisha mwenye kamera akageuka kuutazama umati, na katikati ya umati akasimama mwanamume kijana, mrefu, aliyembeba mtoto mabegani. Mtoto akamvua baba yake kofia, akaivaa yeye. Kofia ikamshuka mpaka puani. Akaisukuma nyuma kwa mikono miwili, akacheka, na mdomoni hakuwa na meno mawili ya mbele.

"Lonnie," Ardith akasema.

Joleen akamgeukia. "Unasemaje, Mama?"

"Huyo ni Lonnie." Akasimama, na safari hii sauti ikafika hadi mlangoni. "Huyo ni mwanangu!"

Mhadhiri akaisimamisha filamu. Taa zikawashwa, na pale ukutani mtoto akabaki ameganda, amecheka, mikono iko kwenye kofia. Daktari Prentiss akashuka jukwaani karibu anakimbia. "Mama, una hakika? Unamfahamu?"

"Nimemzaa."

"Na huyu aliyembeba?"

Ardith alimtazama yule mwanamume ukutani kwa muda mrefu hata watu wakaanza kukohoa. "Mume wangu," akasema.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Watu walifurahi kweli. Si kila siku historia inasimama kwenye kiti cha jirani yako ikajitaja jina. Mtu wa nyuma akamminya Ardith bega. "Merle huyo? Loo, kumbe alikuwa na sura! Mbona alituficha?" Wakacheka. Joleen naye alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, maana alizaliwa baada ya Lonnie kufa, na ndugu yake huyo alikuwa amemwona kwenye picha moja tu, ya ubatizo, kichwa kikiwa kimezama ndani ya shali. Akamshika mama yake mkono ili wafurahi pamoja, akaukuta umekuwa wa baridi kama wa mtu aliyetoka kuchota theluji.

*

Ndani ya gari Joleen alishindwa kuvumilia. "Mama, huna furaha? Umemwona anavyocheka?"

"Nilimkataza."

"Nani?"

"Baba yako. Nilimkataza asimpeleke mtoto kwenye treni."

Ule ulikuwa mwaka wa polio. Waliokuwa hai wakati ule hawahitaji kuelezwa, na wasiokuwapo ni vigumu kuwaeleza. Bwawa la kuogelea lilifungwa, sinema ikafungwa, hata masomo ya Jumapili ya watoto kanisani yakasimamishwa. Mtoto alilala mzima, akaamka na homa na shingo ngumu, na jioni miguu haimtii. Ardith alimfungia Lonnie ndani ya uzio wa nyumba yao, na mara moja tu, siku ya joto kali, alimpeleka shambani kwa dada yake akachovya miguu kwenye kidimbwi pamoja na binamu zake. Mara moja tu.

Lonnie alipougua wakampeleka hospitali ya jijini, wakamtia ndani ya ile mashine ya chuma inayomvutia mgonjwa pumzi, kichwa tu kikibaki nje. Wazazi hawakuruhusiwa kuingia. Walimwona kupitia kioo cha dirisha mpaka alipokufa. Watu wa afya wakachoma nguo zake, godoro lake na dubu wake wa kitambaa. Na siku ya mazishi, mama yake Merle, mbele ya wanawake waliokuwa wakipanga vyakula kwenye chumba cha chini cha kanisa, akamwambia Ardith, "Ulimchovya kwenye maji machafu ya watu wa kwenu. Sasa umepata ulichokitaka?"

Mwanamke yule hakula tena chakula kilichopikwa na Ardith mpaka anaingia kaburini. Krismasi alikuja na sahani yake imefunikwa kitambaa. Joleen alikua akiiona sahani ile, akidhani bibi yake ana ugonjwa wa tumbo.

"Unataka kuniambia Baba alikuwa anajua..."

"Angalia barabara, Joleen."

Walimkuta Merle amekaa mezani, supu iko mbele yake, haijapashwa. Hakuuliza mhadhara ulikuwaje. Ardith hakuvua koti.

"Wana filamu," akasema.

Merle akaweka kijiko chini.

"Kofia yako ilimshuka mpaka puani."

"Ardith."

"Uliniambia umempeleka kwa kinyozi. Ulirudi naye nywele hazijakatwa, ukasema foleni ilikuwa ndefu. Nikakuamini. Hata sikufikiri."

"Ilikuwa muda mfupi tu," Merle akasema. "Alikuwa amelia wiki nzima. Watoto wote wa mtaa wanaongelea treni, yeye anachungulia kwenye uzio kama mbuzi. Nikasema nimwonyeshe tu, nimbebe juu juu, asiguse mtu. Hakugusa mtu, Ardith. Nilimshikilia mabegani muda wote. Na hakuna anayejua kama ugonjwa aliupatia pale. Hata daktari alisema hakuna anayeweza kujua."

"Kweli, hakuna anayejua. Lakini mama yako alijua aliupatia kidimbwini. Alijua, akasema mbele ya watu, nawe ulikuwa umesimama palepale umeshika kikombe cha kahawa."

Joleen, aliyebaki mlangoni na funguo za gari mkononi, alitamani atoke na hakuweza.

"Ulimwambia lini?" Ardith akauliza.

"Nani?"

"Mama yako. Usinifanye mtoto. Alijua umempeleka kwenye treni?"

Merle alitazama mikono yake, mikono mikubwa ya mtu aliyefanya kazi ghala la nafaka maisha yake yote, akaigeuza kama anatafuta jibu kwenye viganja.

"Usiku ule alipopelekwa hospitali," akasema mwisho. "Nililia kwake. Akaniambia ninyamaze, yeye atayamaliza."

"Akayamaliza."

"Nilitaka kusema. Naapa, kila mwaka nilitaka kusema. Ukipita mwaka mmoja inakuwa ngumu zaidi kuliko mwaka uliopita."

"Mimi sijawahi kumwogesha huyu," Ardith akasema, akimwonyesha Joleen kwa kidole, "bila kutetemeka. Hata kwenye beseni. Hata maji niliyoyachemsha mwenyewe. Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

Ardith akachukua bakuli la supu, akaimwaga kwenye sinki, akaosha bakuli, akalifuta, akaliweka kabatini. Kisha akaingia chumba cha kushonea, ambamo kulikuwa na kitanda kidogo cha wageni, akafunga mlango.

*

Kama mambo yangeishia ndani ya nyumba, huenda wangeyavumilia kama walivyovumilia mengine. Lakini mji ulikuwa umefurahi. Gazeti likatoa ile picha ukurasa wa kwanza. Maktaba ikatengeneza bango refu kama nyumba, likaning'inizwa mbele ya jengo, upande wa barabara kuu: Merle kijana, Lonnie mabegani, kofia imemlalia kisogoni, na chini yake maneno "Mji Wetu, Rais Wetu." Huwezi kwenda dukani, kanisani wala kwa daktari bila kupita chini yake.

Merle akawa mtu maarufu uzeeni. Akiingia mgahawani kunywa kahawa, mwenye mgahawa anamletea kipande cha pai na kukataa malipo. "Mzee Merle, kula! Wewe sasa ni mali ya taifa." Vijana wa ghalani wanamuuliza, "Rais alikupa mkono? Alikuwa mfupi kama wanavyosema?" Yeye anatabasamu, anakata pai kwa uma, anaisogeza kwenye sahani. Hakuna aliyemuuliza mtoto yule alipata kuwa nani. Walidhani amekua, akahamia pwani kama watoto wote.

Ardith, yeye, alipita chini ya bango akitazama miguu yake. Kanisani mama mmoja akamkumbatia, "Mungu amekupa zawadi iliyoje, kumwona tena mwanao akiwa mdogo!" Akasema asante. Angesema nini? Nyumbani aliendelea kumpikia Merle, kumfulia, kumwekea vidonge vyake kwenye kisahani. Alimjibu akiulizwa. Ila jina lake hakulitaja tena, na Merle alikuja kugundua kwamba mtu anaweza kuishi bila vitu vingi, lakini kuishi bila kuitwa jina lako na mtu pekee aliyebaki anayekujua ni kitu kingine.

Kisha Kendra akaja nyumbani. Alikuja na kikapu cha matunda na diski yenye nakala ya filamu, akakaa kwenye ncha ya kochi, magoti pamoja, akatabasamu mpaka fizi zikaonekana.

"Tumewaza kufanya mhadhara wa pekee," akasema. "Nyinyi wawili jukwaani, Daktari Prentiss anawauliza maswali mepesi tu. Siku ile ilikuwaje, mlivaa nini, mtoto alisema nini. Watu wanataka kusikia historia kutoka kwa walioiishi. Na kama yule kijana wenu ataweza kusafiri..."

"Amekufa," Ardith akasema. "Alikufa kwa polio. Wiki mbili baada ya hiyo picha yenu."

Tabasamu la msichana wa watu likafutika. Akaomba radhi, akaomba tena, akashika kikapu chake mwenyewe kana kwamba anataka kukirudisha. "Tunaweza kuliondoa bango," akasema. "Ingawa... limeshachapwa na kwenye vikombe vya duka letu la zawadi. Lakini nitaongea na mkurugenzi. Na mhadhara tutaufuta, bila shaka."

"Hapana," Ardith akasema. "Usiufute. Yeye atakuja."

Merle alikuwa kwenye kiti chake cha kuegemea karibu na dirisha. Akainua kichwa.

"Atakuja, na atawaelezea," Ardith akaendelea, akimwambia Kendra na kumtazama mumewe. "Pale pale walipopiga makofi. Mama yake alinisema mbele ya watu, naye atasema mbele ya watu. Si ndiyo?"

"Ndiyo," Merle akasema.

Kendra hakuelewa, lakini aliandika tarehe.

Usiku wala mchana hawakuliongelea tena. Joleen ndiye aliyejaribu. Alimfuata mama yake uani, alikokuwa akianika shuka. "Mama, ana miaka zaidi ya themanini. Moyo wake unaendeshwa na kifaa cha betri. Unataka afie jukwaani?"

"Nataka aseme."

"Ameshakwambia wewe. Haitoshi?"

Ardith akabana shuka kwa kibanio, akahamia upande wa pili. "Bibi yako aliniambia wapi?"

"Kanisani."

"Mbele ya nani?"

"Mama, hao wanawake wote wamekufa!"

"Najua wamekufa. Nimewazika mmoja mmoja, nimewapelekea maua. Wote wameondoka wakijua ni mimi." Sauti yake ikavunjika kwa mara ya kwanza tangu siku ya filamu. "Hata mmoja, Joleen. Hakubaki hata mmoja wa kumwambia."

*

Siku ya mhadhara ukumbi haukutosha. Wengine walisimama kwenye korido. Merle alivaa suti aliyovaa harusi ya Joleen, na ilikuwa imempwaya mabegani. Kendra alimpandisha jukwaani akiwa amemshika kiwiko. Kiti cha pili, cha Ardith, kilibaki kitupu, kwa sababu Ardith alikataa kupanda, akakaa mstari wa mbele na binti yake, mkoba juu ya magoti.

Daktari Prentiss alianza na maswali aliyoyaandaa. Je, mzee anakumbuka hali ya hewa? Merle akamkatiza.

"Kijana, niache niseme kabla sijaogopa," akasema, na maikrofoni ikalia. "Mtoto yule anaitwa Lonnie. Mke wangu alinikataza nisimpeleke. Kulikuwa na polio. Nilimdanganya mke wangu nikampeleka. Lonnie akaugua, akafa. Mama yangu akasema ni kosa la mke wangu, kwa ajili ya kidimbwi. Mimi nilijua nimempeleka kwenye umati, na mama yangu alijua, tukanyamaza. Mke wangu amebeba jambo hilo mpaka mwezi juzi. Mliponipigia makofi mlipiga kwa mtu huyo. Nimemaliza."

Mabomba ya kupasha joto yalikuwa yakinguruma ukutani. Mtu mmoja nyuma akavuta makamasi. Kisha, sijui nani alianza, kofi moja, na la pili, na ukumbi ukainuka. Walisimama wote, wakulima na walimu, wakampigia makofi Merle Tiedeman, marefu na mazito kuliko yale ya kwanza, huku wanalia. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Mungu akubariki kwa ujasiri wako!" Daktari Prentiss alivua miwani akaifuta. Mzee mmoja aliyepigana vita vya Korea akapanda jukwaani bila kuitwa, akamkumbatia Merle na kusema kwenye maikrofoni kwamba kila mmoja hapa ana lake alilolificha, na leo wameonyeshwa njia.

Ardith alibaki amekaa. Kutoka pale alipokaa aliona migongo tu.

Baadaye, kwenye meza ya pai, foleni ya kumpa Merle mkono ilizunguka ukumbi. Walimuuliza aliwezaje kubeba mzigo ule peke yake. Peke yake, walisema hivyo. Baadhi walimfikia Ardith, wakampapasa mkono, "Una mume wa kipekee, mama," wakapita. Mpiga picha wa gazeti alitaka kumpiga Merle mbele ya picha kubwa ya filamu, na Ardith alikuwa amesimama hapo, anamtazama Lonnie.

"Samahani, mama," mpiga picha akamwambia kwa upole. "Unaweza kusogea kidogo? Unaziba."

Akasogea.

*

Kesho yake theluji ilianza kuyeyuka, matone yakawa yanagonga kwenye ngazi za nyuma. Merle alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Hakuwa amelala vizuri, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetarajia kushushiwa mzigo akakuta bado uko. Ardith akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Nilisema kama ulivyotaka," Merle akasema.

"Ulisema."

"Sikujua watafanya vile. Nilidhani watanizomea. Ningefurahi wangenizomea."

"Mara mbili sasa wamekupigia makofi," Ardith akasema. "Safari ya tatu sijui utafanya nini." Hakusema kwa hasira. Hasira ilikuwa imemwishia pale kwenye meza ya pai. Kilichobaki kilikuwa kitu cha kimya zaidi, ambacho hata yeye hakukijua jina.

Akachukua ile diski ya Kendra, akaitia kwenye mashine chini ya televisheni, akabonyeza vifungo mpaka ikakubali. Treni ikaja na moshi wake. Bendi ikapiga ngoma zisizosikika. Akavuta kiti cha mbao cha jikoni, akakiweka karibu na cha Merle, si karibu sana, akakaa. Mtoto akatokea mabegani. Akamvua baba yake kofia, akaivaa, akaisukuma nyuma, akacheka. Na hapo, kabla kamera haijageukia pengine, mdomo wake ukafunguka na kufungika, akainama kwenye sikio la baba yake.

Ardith akaisimamisha.

"Amekwambia nini hapo?"

Merle akatazama. "Wapi?"

"Hapo. Anakusemesha sikioni."

"Ardith..."

"Mimi nilikuwa nyumbani namenya maharage. Siku hiyo sina. Siku zote za mtoto yule ninazo, nimezihesabu, nazijua moja moja, ila hiyo ulinichukulia wewe. Naitaka. Amesema nini?"

Merle akasogeza uso mbele, macho yamekaza kwenye kioo cha televisheni kana kwamba angeweza kuingia ndani yake. Alitafuta. Ilionekana jinsi anavyotafuta, mtu aliyefunga mlango miaka mingi kwa kuogopa kilichomo, na leo amelazimishwa kuufungua, akakuta chumba kitupu.

"Sikumbuki," akasema.

"Fikiri."

"Sikumbuki. Kila ilipokuja niliifukuza, Ardith. Miaka yote. Mwisho ikaacha kuja." Akafunika uso kwa ile mikono mikubwa, mabega yakaanza kutikisika. "Kulikuwa na kelele. Nakumbuka kelele, na visigino vyake vinanigonga hapa kifuani. Sauti yake siisikii. Nimejaribu usiku kucha. Siisikii."

Ardith hakumgusa. Alimwacha alie mpaka pumzi ikamrudia, huku matone ya theluji yakiendelea kugonga nje na Lonnie amebaki palepale, ameinama, mdomo umefunguka kidogo.

"Visigino," Ardith akasema. "Alikuwa amevaa viatu gani?"

"Vile vya kahawia. Kimoja kamba ilikuwa imekatika, niliifunga fundo pale kwenye reli."

"Umeona? Hicho sikuwa nacho." Akakisogeza kiti chake kidogo, mpaka magoti yao yakakaribiana. "Haya, Merle. Anza mlipotoka mlangoni. Mlishika njia ipi?"

Merle akafuta macho kwa mkono wa shati. "Ya nyuma," akasema, "ile ya kupitia kwenye ghala," kisha akanyamaza, akitafuta, na mkewe akangoja.